Akina Garcia wa Unguja

Miaka ile Waasia wa Afrika Mashariki walipokuwa wakimiminika London, niliingia ofisi moja ya kupangisha vyumba huko Tooting. Mbele yangu kwenye foleni walikuwa kijana wa Kigoa na mama yake. Nilimsikia mama akilalamika, kwa Kiswahili cha Unguja, kwamba kutwa nzima wamenyimwa vyumba kwa sababu ni Waasia.

Karani alipoliona jina lao alichangamka. "Garcia! Hispania nzima imejaa akina Garcia. Ninyi ni Wahispania?"

Kijana akainama. "Ndiyo."

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anasema jina letu lina asili ya Hispania, Mama."

"Mwambie, mwanangu, babu zako walipewa na mapadri wa Kireno, walipobatizwa kule Goa. Na baba yako kazikwa Unguja."

Kijana hakutafsiri. Karani alipomkabidhi ufunguo, masikio yalikuwa yamemwiva kwa aibu. Mama alimtazama, akaelewa. Hakumkaripia. Alivuta skafu mpaka puani, karani asimwone vizuri.

Nami niliyeelewa kila neno nilitazama sakafu. Husemwa jina hueleza mtu alikotoka. Siku ile lilieleza tu kwamba watu wawili walitaka pa kulala.