Bega la Fundi Mipira

Yule fundi mipira wa karibu na stesheni aliwahi kuwa mpagazi, na mizani hakuiamini. Kila kitu alikipima begani, akitembea hatua saba huku akiguna. Siku hizi kila mtu ana mizani, bega halijui lolote. Mwaka tuliohamia kijijini, lango la bwawa la kumwagilia liliziba na tumbaku ikaanza kunyauka. Mzamiaji Yoramu, aliyeitwa kulizibua, akamletea fundi mitungi yake ya hewa, achaguliwe mpira wa kumrudisha juu. Fundi akabeba mtungi mmoja, akaguna, akagusa mpira wa pikipiki. Akabeba miwili, akacheka, akavuta wa lori.

“Mzee, huo si utanirusha mpaka Urambo?”

“Mdogo utakuzika, mwanangu.”

Yoramu akasita, akakataa kuzama. Basi fundi, asiyejua kuogelea, akajifunga ule mpira wa lori na mitungi yote miwili, akaingia bwawani na kofia yake. Akazama. Vigelegele vyetu ukingoni vikakatika. Kisha ikaibuka kofia, zikafuata ndevu, halafu kicheko kilichotuangusha sote matopeni. Yoramu akaogelea kwenda kumvuta, fundi akamsukuma mkono.

“Ngoja kwanza! Ujana wote nimebeba. Leo nimebebwa.”