Kidole Kimoja Kando ya Ukuta

Mwaka ule wa vita vya shifta, waasi wa Kisomali, nilikuwa Garissa, seremala wa serikali niliyetoka milimani, na tulipewa kazi ya kutandika sakafu mpya ya mvule katika nyumba ya ofisa mmoja. Tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa Msomali, mkaaji wa mtaa wa Galbet, aliyenizidi umri na, nadhani, ufundi pia. Sijui kama naandika haya sawasawa. Nilifika darasa la nne tu. Nitajaribu kutojipendelea.

Siku ya kwanza tulibandua skatingi, zile mbao nyembamba zinazofunika mguu wa ukuta. Yeye alizitoa kwa patasi pana, polepole, bila kupasua hata moja, akaziegemeza verandani. Mimi nilipasua mbili. Tulipoanza kutandika, nilitaka kuisukuma sakafu mpaka ibane ukuta, kama nilivyofundishwa. Akanishika mkono, akaniita ndugu kwa lugha yao.

"Acha kidole moja, walaal. Zunguka chumba yote."

"Panya wapite?"

"Mvua ikija hii mbao itanenepa. Ikikosa nafasi itainuka kama nundu ya ngamia. Skatingi itafunika. Na msumari piga kwa ukuta, sakafu usiguse."

"Kwetu hatuachi."

"Kwenu kila siku ukungu, mtu wa viazi. Mbao yenu imeshashiba."

Nilicheka, nikaacha kidole. Moyoni sikuamini.

Kabla hatujarudisha skatingi, askari walikuja kupekua nyumba. Wiki ile wenzao walikuwa wameviziwa njia ya Wajir, kwa hiyo siwezi kusema hofu yao ilikuwa ya bure. Mkubwa wao alichuchumaa, akatia kidole kwenye ule mwanya, akaufuata ukuta mzima. Akauliza ni nani aliyeamuru sakafu isifike ukutani. Mwenzangu akasema ni yeye, akaeleza habari ya mvua. Nje jua lilikuwa linachoma na mvua hatukuwa tumeiona kwa miezi.

"Humu zinaingia risasi ngapi?"

"Hakuna risasi, afande. Ni nafasi ya mbao."

Ndipo akanigeukia mimi. "Wewe ni mtu wa bara. Huko kwenu sakafu mnaiacha hivi?"

"Kwetu hatuachi, afande."

Ilikuwa kweli. Nimeipima mara nyingi na bado ni kweli. Lakini nilijua anachouliza, na hakuwa akiuliza habari za kwetu. Walimchukua. Hakunitukana. Alinikabidhi patasi, mpini ukiwa upande wangu, akaenda nao.

Asubuhi nilikwenda kambini kueleza upya. Mkubwa yule alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nakiri.

"Jana hukujua, leo unajua. Nani amekufundisha?"

"Ni yeye, afande. Alinieleza kabla hamjaja."

"Na wewe umewahi kuiona hiyo mbao ikinenepa?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikasema sijaiona. Akaniambia nirudi kazini.

Mke wa mwenzangu alinikuta nikipigilia skatingi peke yangu. Alisimama mlangoni, hakutaka kukanyaga sakafu.

"Wanasema ulikuwepo. Uliwaambia nini?"

Nilimweleza neno kwa neno, hata pale nilipocheka. Nilitamani anipige.

"Andika," akasema. "Vile yeye alisema, na vile wewe ulisema. Nitapeleka kwa ofisi ya DC."

Niliandika kwa penseli ya useremala kwenye kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji. Herufi zilikuwa kubwa na mbaya. Nikamsomea.

"Soma tena hapo ulisema kwenu hamuachi."

Nikasoma.

"Hapo ongeza uliogopa."

Nikaongeza. Aliikunja, akaenda nayo ofisini, wakamwambia asubiri. Kila nilipopita pale nilimwona amekaa kwenye kivuli cha ukuta pamoja na wanawake wengine. Nilipopewa uhamisho, mumewe alikuwa hajatoka, naye alikuwa bado anasubiri.