Meno Matatu Ukingoni mwa Bomba

Zamani fundi alichagua meno ya msumeno kabla ya kugusa chuma. Siku hizi hapa Ilula mafundi hukata kila kitu kwa mashine moja ya kelele, kisha hulaumu chuma. Anayechagua bado ni fundi Frida Mgaya tu. Jana Jofrey, muuza nyanya, alimletea bomba jembamba la mkokoteni wake alikate. Hakuwa na jingine.

"Shangazi, tumia meno makubwa, yana kasi."

"Kwa nondo nene, sawa. Hapa yatanasa, bomba lipinde."

Frida akachukua msumeno wa meno madogo, akahakikisha matatu yanakaa pamoja kwenye unene wa ukingo wa bomba, ili lisinase hata moja.

"Unakata au unaombea?" Jofrey akatania, akiona anakawia.

"Shika bomba, mdomo upumzike."

Likakatika safi. Jioni mkokoteni ulikuwa barabarani, umejaa nyanya.