Yanashuka Yamejaa, Yanapanda Matupu

Sigvaldi aliendesha kreni bandarini Reykjavík miaka thelathini na mmoja, nami nilikuwa karani wa mizani chini yake, kwa hiyo nisemayo si ya kuambiwa. Nchi yetu ina watu laki tatu na ushei. Tunauza samaki na alumini. Vingine vyote, kuanzia ngano mpaka misumari, tunanunua kwa watu. Mchumi atakueleza urari wa malipo saa nzima utoke hujui kitu. Sigvaldi alikuwa na maneno manne tu kuhusu makontena, ukiacha ya samaki: "Yanashuka yamejaa, yanapanda matupu."

Mwaka 2007 aliyasema kila siku, magari ya kifahari yakishuka meli kwa meli.

"Dagbjört," aliniuliza siku moja tukinywa kahawa, "vyote hivi tunavilipia kwa fedha gani?"

"Mikopo, mzee. Kama wenzio."

"Mimi moyo unanienda mbio."

"Basi uende kimyakimya. Watu wako kwenye sherehe."

Nilimcheka, Mungu anisamehe.

Mwaka huohuo binti yake, Eydís, alitaka kununua nyumba. Benki ikampa mkopo wa yeni za Japani, eti riba yake ndogo. Mshahara wa krona yetu, deni la yeni! Na si yeye peke yake, nusu ya mtaa wake walifanya hivyo. Akaja kumwomba baba yake ushauri. Na Sigvaldi, aliyepima kila kontena kwa mkono wake, akaona haya kuwa mchawi kwenye harusi ya watu. Akatoa jibu tunalolitoa sote hapa, iwe volkano imelipuka au gari limekwama thelujini: "Yatajipa, mwanangu."

Oktoba ya mwaka uliofuata benki zikaanguka ndani ya wiki moja. Krona ikaporomoka, deni la Eydís likawa maradufu. Watu wakarudia kujichemshia soseji za damu ya kondoo kama enzi za bibi zao. Sigvaldi alianza kuogopa simu. Vijana walikuwa wanahama nchi, na Eydís ndiye mtoto pekee aliye naye.

Machi Eydís akaja bandarini mwenyewe, amemshika mkono bintiye Hrefna, wa miaka minne.

"Baba, mume wangu amepata kazi Norway."

"Mpaka lini?"

"Baba..."

"Nimekuuliza mpaka lini, wewe!"

"Sijui. Uliniambia yatajipa."

Hakulisema kwa ubaya. Afadhali angemtukana.

Wiki ile msomi mmoja alikuwa redioni, furaha tele: sasa tunauza zaidi kuliko tunavyonunua, dalili za uchumi ni nzuri. Mizani yangu haikumpinga. Meli zilikuwa zinaondoka nzito kweli, zimebeba magari ya kifahari yanayorudishwa Ulaya, na vitanda, na baiskeli za watoto. Nilimzimia Sigvaldi redio yake.

Siku ya kontena la Eydís nilimwambia Sigvaldi aende nyumbani, kijana wa zamu ya pili atalipakia. Akakataa. Alisema yule anatupa vitu.

Akalinyanyua vizuri, akalifikisha juu ya meli, akaliacha linaning'inia. Dakika moja. Tano. Nahodha akapiga honi. Nikachukua simu ya upepo.

"Sigvaldi, shusha. Meli inasubiri."

"Humu mna kitanda cha Hrefna. Nilikichonga mimi."

"Najua. Shusha, ndugu yangu."

Nilimsikia anavyohema.

"Ana miaka minne tu, Dagbjört. Mwakani atakuwa anasema lugha ya huko, hatanielewa nikizungumza."

Neno letu lile la yatajipa nililimeza lilipofika kooni.

Akashusha, taratibu mno hata mnyororo haukulia. Kisha akaniuliza linalofuata ni la nani.