Pointi Moja ya Njombe

Niliondoka Mbuchi, kijiji chetu cha delta, kwa sababu golikipa wa timu yetu ya Kibiti alikuwa amevunjika kidole, nikaitwa kudaka badala yake, na mechi ya mwisho ilikuwa Njombe. Ulikuwa msimu wetu wa kwanza katika ligi ya taifa. Tulihitaji pointi moja tu. Tukifungwa, tunashuka.

Asubuhi nilipanda mtumbwi, viatu vya kuazima vikining'inia shingoni. Mama alinipa mfuko wa pepeta, ule mpunga mchanga tunaoukaanga na kuutwanga hadi uwe bapa.

"Usile cha watu huko," alisema.

Kibiti tulipanda lori la mfadhili wetu, mmoja wa wanunuzi binafsi walioingia delta miaka hii na barafu zao kununua samaki na kamba. Tulipofika Bungu lori likakwama mchangani, tukashuka kusukuma. Wauza korosho wakatucheka.

"Hiyo ndiyo timu ya taifa? Mbona inanuka kitoweo?"

"Chekeni tu," akajibu Seif, nahodha wetu. "Mwakani mtalipa kiingilio kutuona!"

Njombe tulifika jioni ya siku ya pili. Sikuwahi kuona baridi kama ile. Mvuke ulitutoka midomoni kama wavuta sigara. Tulilazwa katika shule moja, na mpishi wa pale, Mama Tumaini, akatuletea uji na mablanketi. Lakini timu yetu haigusi chakula, maji wala nguo ya mwenyeji kabla ya mechi, kwa kuogopa kurogwa. Mzee Mfaume, meneja wetu, alikataa kwa adabu.

"Ahsante, dada. Tumeshiba."

"Mmeshiba nini, na watoto wanatetemeka hivyo?"

Tulilala sakafuni tumebanana, tukitafuna pepeta.

Siku ya mechi kulikuwa na ukungu. Vidole vyangu vilikufa ganzi. Mpira mwepesi kabisa uliniponyoka kama kambare, ukaingia golini.

"Kipa wa kamba, rudi baharini!" watu walipiga kelele.

Wakati wa mapumziko Mama Tumaini alikuja na ndoo ya maji ya moto.

"Weka mikono, mwanangu."

"Bakari!" Mzee Mfaume aliruka. "Hayo maji ya wenyeji!"

Nilimtazama Mzee, kisha nikatumbukiza mikono mpaka viwikoni. Vidole viliuma, halafu vikaanza kunitii.

"Basi tumekwisha," Mzee alisema, akaketi chini.

Kipindi cha pili Seif alisawazisha kwa kichwa. Mwishoni mshambuliaji wao alibaki na mimi peke yangu. Akapiga shuti kali, nikalidaka na kulalia mpira.

"Usiuachie, mdogo wangu!" Seif alipaza sauti. Filimbi ikapigwa.

Jioni ile tulikunywa uji wote. Mzee Mfaume aliomba kuongezewa, bila kumtazama mtu.

Njiani kurudi tuliimba hadi Kibiti. Mama aliniuliza nilipewa dawa gani. Nilimwambia ni maji ya moto, hakuamini.

Msimu uliofuata watu wa Njombe walikuja kwetu, na madumu yao ya maji kutoka nyumbani. Jua lilikuwa kali, maji yakawaishia mapema. Nilimpelekea kipa wao dafu. Akalitazama, akamgeukia kocha wake. Nilimwelewa. Nikanywa mimi kwanza, kisha nikampa.