Msamaha Niliompa Kuhani

Ipo siku moja ya masika, mwanangu, ambayo hainitoki moyoni hata leo nilipozeeka. Nilikuwa kijana katika kikundi cha Sumbawanga kilichotafsiri Maandiko kwa Kifipa. Mezani tulikuwa na Biblia ya Kiebrania na ya Kijerumani, na desturi yetu ilikuwa kila sura isomwe mbele ya wanakijiji kabla haijapitishwa.

Siku hiyo tulikuwa kijiji jirani na Mwazye, tukisoma habari za mtu aliyemdhulumu mwenzake kwa uongo. Kuhani humfanyia upatanisho, naye husamehewa. Kiebrania hakisemi na nani. Kijerumani nacho kimenyamaza. Mimi (ujana nao!) niliona tendo haliwezi kukosa mtendaji, nikaandika na kuwasomea: kuhani atamsamehe.

Bibi mmoja mgonjwa akanyoosha mkono. Kijiji chote kilijua kwamba zamani alimsingizia mdogo wake kuiba mbegu za ulezi, na tangu hapo hawakusalimiana.

"Kama kuhani ndiye asameheye, Padre wetu anakuja lini?"

"Barabara imekatika, bibi. Labda mvua zikiisha."

"Kwa hiyo nami nimefungwa mpaka matope yakauke?"

"Msubiri Padre," nikamjibu. Akajifunga kitenge, akaondoka.

Mwalimu wetu wa Kiebrania, katekista mstaafu, akaniambia kwa upole: "Kijana, Maandiko yamemwacha Mungu bila kumtaja, kwa heshima. Wewe umemkalisha mtu mahali pake. Padre ana kazi yake takatifu, lakini msamaha una Mwenyewe, na Yeye hasubiri greda. Mfuate yule mama."

Maji yakimwagika hayazoleki, ila neno, mara nyingine, laweza kufuatwa. Nilimkuta akipepeta ulezi, nikamsomea upya: atasamehewa.

"Na nani?"

"Haikuandikwa, bibi. Wewe unadhani nani?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe unamjua! Asubuhi ulikuwa umemsahau."

Alikwenda kwa mdogo wake siku hiyo hiyo, kwa fimbo, akipumzika kila hatua chache. Mvua zilipokatika na Padre akafika, alikuta kaburi la yule bibi, na mdogo mtu analipalilia.

Mwanangu, Maandiko yanaponyamaza, usiyasemee. Usimcheleweshee mtu rehema kwa sababu wewe una haraka ya kueleza. Na ukikosea, rudi ungali na wa kumrudia. Kupotea njia ndiko kujua njia. Nashukuru kwamba mimi nilirudishwa mapema.

Ubarikiwe, mwanangu, na ulimi wako ulindwe.