Karatasi ya Kiwanja

Watu hudhani anayetaka talaka huanza kwa kuondoka. Mimi nilitaka talaka mwaka mzima huku nikiamka katika nyumba ile ile, nikichemsha chai kwa sufuria ile ile na kumfulia mume wangu shati zake za kaki. Dada yangu, ambaye aliachika kule Moshi, alinionya kwa simu: "Usije ukatoka kichwa kichwa na begi lako. Watasema umeitelekeza nyumba. Kusanya karatasi kwanza." Basi nikabaki. Mlango ulikuwa wazi mchana kutwa, na mimi sikuweza kutoka.

Mume wangu ni dereva wa watalii. Anawapeleka wageni kreta na Serengeti, na kumbe kwa miaka minne, kila akitoka kuwarudisha Arusha, alikuwa analala Mto wa Mbu kwa mwanamke aliyezaa naye. Nilipomuuliza hakukana. Alisema, "Sasa unataka nini? Si unakula?" Yule mwanamke pengine ningemsamehe. Neno lile sikuliweza.

Nikaanza kukusanya: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, risiti za mabati. Steshenari ya pale stendi sikuthubutu kukanyaga, kwa kuwa mwenye mashine anaimba besi na mume wangu kwenye kwaya, na kwaya yetu haina siri hata moja. Nilikwenda kwa mzee mmoja wa Kiislamu anayeuza vitambaa, mwenye mashine ya kutoa kopi nyuma ya duka. Alinitolea kopi bila kusoma, akanirudishia karatasi zikiwa zimelala kifudifudi. Nilitaka kulia kwa heshima ile ndogo.

Karatasi zote nikampelekea msaidizi wa kisheria, mama mmoja mkavu wa maneno aliyekuwa na chumba karibu na ofisi ya kata. Alipofika kwenye karatasi ya mauziano ya kiwanja akavua miwani.

"Mnunuzi ni mumeo. Wewe uko wapi hapa?"

Nikamwonyesha jina langu, chini kabisa.

"Mama, hapa umesaini kama shahidi."

Naikumbuka siku ile vizuri. Tulikuwa kwa mwenyekiti wa kijiji, muuzaji kaja na ndugu zake wawili. Mume wangu hakuwa na ndugu huku. Sisi ni wa kuja, kwetu Kilimanjaro. Mwenyekiti akauliza nani shahidi wa mnunuzi, naye akasema, "Mke wangu anatosha." Nilivimba kichwa. Nina kidato cha nne, nikachukua kalamu nikasaini kwa mikogo. Mjinga mimi! Nilishuhudia mwenzangu akinunua kiwanja changu.

Msaidizi alinituliza. Alisema mahakama haiangalii jina peke yake, inaangalia pia jasho la kila mmoja. "Ila jasho linataka mtu wa kulithibitisha. Nani alikuona unajenga?"

Kabla ya mahakama kulikuwa na baraza la usuluhishi. Mara mbili mume wangu aliitwa, mara mbili akawa porini na wageni. Kwetu msimu wa watalii ni udhuru usiopingwa, hata msiba unausubiri. Mara ya tatu alikuja, mpole kama mchumba, akasema yeye hana tatizo na mkewe. Mwenyekiti wa baraza akanigeukia: "Mama, ndoa ni kuvumiliana."

"Nimevumilia, mzee wangu. Nimekuja hapa kwa sababu nimemaliza."

Wakatuahirisha, wakatuahirisha tena, mwisho wakaandika fomu kwamba wameshindwa kutupatanisha. Fomu hiyo ni ya miezi sita tu. Ikipita kabla sijafungua shauri, naanza upya.

Aliyeniona najenga alikuwa mmoja tu, mama mkwe wangu. Alihamia kwetu kabla hatujajenga, mwanawe wa mwisho alipouza kihamba, shamba la ukoo aliloliacha marehemu baba yao kule Kilimanjaro, mama akiwa ndani bado. Tofali za nyumba yetu tulizifyatua mimi na yeye kwa udongo mwekundu wa pale pale, maji tukiyateka korongoni. Yule dereva wetu alikuwa anazikuta zimekauka.

Nilimwambia mchana mmoja, tukichambua maharage barazani. Nilimwomba aende mahakamani aseme alichokiona, dhidi ya mwanawe wa kumzaa. Nilijiandaa kwa matusi. Nilijiandaa hata kwa laana.

Aliendelea kutoa vijiwe kwenye ungo.

"Nitasema," alisema. "Zile tofali tulibeba wote, mwanangu. Siwezi kumdanganya Mungu kwa ajili ya mtoto."

Nikashukuru, nikataka kumshika miguu. Akanizuia kwa mkono wenye vumbi la maharage.

"Ila niambie. Hiyo nyumba wakiigawa, mimi nitakuwa kwenye fungu la nani?"

Nilikuwa na kopi za kila kitu na jibu la kila swali la hakimu. Hilo halikuwa la hakimu. Nikavuta ungo, nikachambua maharage yaliyobaki. Mahakama ya mwanzo iko mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka kwetu. Kwenye fomu yangu umebaki mwezi mmoja, na sijaenda.